Kiwanja kiuzwe ili nikasome uhandisi wa pwani?

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 28, nina shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, GPA 3.7, na nimefanya kazi miaka minne kwa mkandarasi wa barabara. Mwaka jana kampuni yetu ilipata kipande cha ukuta wa bahari, nikapelekwa saiti miezi kadhaa, tukamaliza kabisa tatizo la mmomonyoko pale. Tangu hapo akili yangu haijarudi kwenye lami. Nimeomba na nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa pwani na bahari kuu Uingereza, mwaka mmoja, ada pauni 29,000, bila ufadhili. Wanataka amana kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mama yuko tayari kuuza kiwanja cha Bunju alichoacha marehemu baba. Baba mdogo anasema hiyo ni kozi ya watu wa mafuta na wanaume wa kwenye meli, nikirudi nitakaa bila kazi. Rafiki yangu aliyesoma nje ananiambia hesabu zake zinaua. Na mimi hata kuogelea sijui vizuri. Je, kozi hii inanifaa? Na nikubali kiwanja kiuzwe?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeleta maswali mawili yaliyofungwa fundo moja, na ukiyaacha hivyo yatakuchanganya. Kozi inakufaa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Kiwanja kisiuzwe, walau si kwa udahili huu na si katika wiki hizi mnazokimbizana na tarehe ya amana. Majibu hayo mawili hayapingani.

Nianze na baba mdogo, maana hajakosea yote. Jina la kozi limebeba fani mbili. Fani ya pwani inashughulika na pale maji yanapokutana na nchi kavu: fukwe, kuta, gati, vivunja mawimbi, njia za meli zinazochimbwa ili ziwe na kina, mikoko na miamba ya matumbawe. Fani ya bahari kuu inashughulika na vitu vinavyosimama, vinavyoelea au vinavyolala sakafuni mbali na ufukwe: majukwaa ya kuchimbia mafuta na gesi, mabomba, nyaya, mitambo ya umeme wa upepo. Hii ya pili ni kweli ililelewa na fedha za mafuta, kwenye Ghuba ya Mexico na Bahari ya Kaskazini. Lakini muulize baba mdogo umeme wa Unguja unafikaje kule. Unapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Gesi ya Songo Songo nayo inatoka kisiwani kwa bomba la chini ya bahari kabla haijashika njia ya kuja Dar es Salaam. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, watu walioshindwa kufungua simu zao walikuwa wanaguswa na uhandisi wa bahari kuu bila kujua. Denmark ilisimamisha shamba la kwanza la mitambo ya upepo baharini, Vindeby, mwaka 1991, likiwa na mitambo 11 tu. Leo upepo wa baharini ni ajira kubwa kwa wahitimu wa kozi hizi Ulaya, na hesabu zinazotumika ni zilezile za majukwaa ya mafuta.

Suala la wanaume na kuogelea sitalipa nafasi kubwa. Anayepelekwa jukwaani kwa helikopta hupewa mafunzo ya kujiokoa kwenye bwawa, siku chache tu, na wakufunzi wamezoea watu wanaoogopa maji. Sehemu kubwa ya kazi yetu inafanyika mezani mbele ya kompyuta, na sehemu inayobaki ni kukanyaga tope maji yakiwa yamekupwa. Jifunze kuogelea kwa usalama wako, lakini usikubali mtu alifanye kuwa sifa ya kudahiliwa.

Sasa hesabu. Rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na badala ya kubishana naye nakupa kionjo ujipime mwenyewe. Kila kitu katika fani hii, ya pwani na ya bahari kuu, kinaanzia kwenye wimbi moja. Chukua wimbi lenye kipindi cha sekunde 10, yaani kati ya mgongo mmoja na unaofuata zinapita sekunde 10. Kwenye maji ya kina kirefu, urefu wake kutoka mgongo hadi mgongo unaupata kwa kuzidisha 1.56 kwa 10, kisha kwa 10 tena: mita 156. Wimbi hilo linaanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu wake, mita 78 hivi. Kuanzia hapo linapungua kasi, linafupika na kubadili uelekeo. Likifika kwenye kina cha mita 5 urefu wake umebaki kama mita 68, na kwa kuwa nishati iliyokuwa imetandazwa mita 156 sasa imebanwa na inasafiri polepole, wimbi linainuka. Linaendelea kuinuka mpaka kimo chake kinakaribia robo tatu na zaidi kidogo ya kina cha maji, kisha linavunjika.

Kuipata ile 68 kunahitaji mlinganyo ambao kitu unachokitafuta kimekaa pande zote mbili za alama ya usawa. Mlinganyo huo umetokana na kazi ya Airy, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1841. Huwezi kuutatua moja kwa moja: unakisia, unarudia, unakaribia. Kaa na kikokotoo jioni moja uufanye. Ukiona jibu linajongea 68 na ukatamani kujua inakuwaje kina kikiwa mita 3, hesabu za kozi hii hazitakuua. Ukiona kero tupu, hiyo pia ni taarifa, na ni bora uipate sasa kuliko Novemba kwenye bweni la baridi.

Ninachokiona kinawashinda wahandisi wetu wa ujenzi wanaokwenda huko si kalkulasi peke yake. Ni vitu vitatu tulivyovipitia haraka shahada ya kwanza: mekanika ya vimiminika, takwimu na uwezekano, na kuandika programu za kompyuta. Hivyo vyote unaweza kuvifanyia kazi ukiwa Dar. Jifunze Python mpaka uweze kusoma faili la vipimo vya mawimbi na kulichorea grafu bila kuomba msaada. Chuo cha Delft cha Uholanzi kinatoa bure programu ya SWAN inayokokotoa mawimbi yanavyosafiri kuelekea pwani, na Delft3D nayo iko wazi. Data za upepo na mawimbi za miongo mingi za kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa zinapakuliwa bure pia. Aliyefika darasani akiwa ameshavichezea hivi anaanza mbele ya wenzake waliotoka vyuo vikubwa zaidi.

Hapa lazima niguse sentensi moja ya barua yako, ile ya kwamba "tukamaliza kabisa tatizo la mmomonyoko pale". Naiheshimu kazi mliyofanya. Ila sentensi hiyo ndiyo inayonionyesha kwa nini unahitaji kusoma.

Ufukwe ni mchanga ulio safarini. Msimu wa kusi mawimbi yanakuja na mwelekeo wa kusini mashariki, yanapiga ufukwe kwa pembe, na kila wimbi linapopanda na kushuka linasogeza chembe kidogo kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, sehemu ya mchanga inarudishwa. Kwenye fukwe zetu nyingi kusi ndiye mwenye nguvu, kwa hiyo hesabu ya mwaka mzima hubaki na ziada ya kwenda kaskazini. Kipande chochote cha ufukwe kinapokea mchanga kutoka jirani wa kusini na kumpelekea jirani wa kaskazini. Kinachoingia kikipungua kuliko kinachotoka, ufukwe unarudi nyuma. Mmomonyoko ni huo tu, na upungufu unaweza kuwa umeanzia mbali kabisa na pale unapoonekana.

Ukuta wenu hauongezi hata ndoo moja ya mchanga kwenye hesabu hiyo. Unalinda kilicho nyuma yake, barabara au jengo, na kwa hilo unaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa. Lakini unafungia mchanga wa ardhi iliyo nyuma yake ambao bahari ilikuwa inaula, mawimbi yanagonga ukuta na kurudishwa, na mchanga wa mbele unazidi kushuka mpaka msingi unaanza kuchungulia. Pale ukuta unapoishia, jirani anaanza kuliwa kwa kasi mpya. Nenda mwishoni mwa ukuta wenu wakati maji yamekupwa, upande wa kaskazini, utazame kama ardhi haijaingia ndani kwa umbo la mundu. Tazama pia chini ya ukuta kama usawa wa mchanga ni uleule mliouacha.

Mfano unaujua, labda bila kujua kwamba unaujua. Kituo cha daladala cha Africana, barabara ya Bagamoyo, kimebaki na jina la hoteli iliyoliwa na bahari kule Kunduchi. Watafiti walioichunguza pwani ile walihusisha mmomonyoko huo, pamoja na mambo mengine, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito kama Mbezi na Tegeta: mchanga uliotakiwa kufika baharini ulipakiwa kwenye malori ukaenda kujenga nyumba. Kisha kila mwenye hoteli akajenga kuta zake fupi za mawe kuingia baharini ili kunasa mchanga unaopita. Zilinasa kweli, upande mmoja. Upande wa pili jirani akakosa, naye akajenga zake. Mhandisi aliyefundishwa pwani anaanza kwa kuuliza mchanga unatoka wapi, unakwenda wapi na nani ameukata njiani, kabla hajataja ukuta wa aina yoyote.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe mbele yake, na bamvua letu, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ni kubwa: kati ya kupwa na kujaa maji hupanda mita tatu mpaka nne, wakati wa maji mafu hupanda takriban mita moja au zaidi kidogo. Maji yakiwa yamekupwa mwamba unavunja karibu kila wimbi na ufukwe unalala usingizi. Bamvua likijaa, mwamba umezama mita kadhaa, na mawimbi yanapita juu yake na kufika ukutani yakiwa na nguvu. Uharibifu wa pwani yetu unafanyika katika saa hizo chache, hasa kusi kali ikikutana na bamvua. Wavuvi wa Kunduchi wanalijua hili bila mlinganyo wowote. Kuligeuza kuwa namba ya kusanifia ukuta ni tasnifu nzuri ya uzamili, na hakuna profesa wa Delft au Southampton atakayeiona ndogo.

Umuhimu wa namba hiyo nikuonyeshe kwa jiwe. Kanuni za kusanifu kivunja mawimbi cha mawe, ile ya Hudson na zilizofuata baada yake, zinasema uzito wa jiwe linalotakiwa unakua kwa kimo cha wimbi kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu, yaani kipeo cha tatu. Ukikadiria mita 3 na bahari ikaleta mita 4, jiwe lililotakiwa lilikuwa zito mara 2.4 kuliko uliloweka. Wimbi likiwa mara mbili ya ulivyokadiria, ni mara nane. Barabarani ukikosea tabaka la lami linapasuka taratibu na unarudi kuziba. Hapa hurudi. Februari 1978 dhoruba ilikipiga kivunja mawimbi cha bandari ya Sines, Ureno, kilichokuwa kimefunikwa kwa vipande vya zege vya tani 42 kimoja, na ikabomoa sehemu kubwa ya kinga hiyo kabla mradi haujakamilika. Vipande vile vinaitwa dolosi, uvumbuzi wa Waafrika Kusini wa bandari ya East London, na aina yake bado inatumika. Sines ilifundisha dunia kwamba zege kubwa likitikisika huvunjika kwa uzito wake lenyewe, na kwamba kutabiri wimbi kubwa linalotarajiwa mara moja katika miaka 100 kwa data za miaka michache ni kazi ya takwimu inayohitaji unyenyekevu. Ndiyo sababu nikakutajia takwimu mapema.

Upande wa bahari kuu swali linabadilika. Nguzo imesimama kwenye maji, wimbi linapita: nguvu inayoisukuma inatokana na kasi ya maji na pia na mabadiliko ya kasi hiyo, na namna ya kuzijumlisha ilichapishwa na Morison na wenzake mwaka 1950. Hapo adui si wimbi kubwa peke yake. Wimbi la sekunde 10 linapita zaidi ya mara milioni 3 kwa mwaka, na kila moja linakunja chuma kidogo. Unajua waya unavyokatika ukiukunja na kuukunjua, hata kama mkono wako hauna nguvu ya kuuvuta ukakatika. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lililokuwa likielea Bahari ya Kaskazini lilipinduka na kuua watu 123. Ufa ulianzia kwenye ulehemu wa kishikizo kidogo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, ukakua kimyakimya kwenye moja ya nguzo za kuunganisha miguu mpaka ikakatika. Mtu anayesoma bahari kuu anatumia muda mwingi kwenye mambo ya namna hiyo: uchovu wa chuma, mitikisiko, minyororo ya kushikilia vitu vinavyoelea, udongo wa sakafu ya bahari, mabomba.

Basi uchague upande gani? Mimi ningekuelekeza pwani, na nasema hivi nikijua ni maoni yangu. Barua yako yote inazungumzia ufukwe. Hakuna mahali ulipotaja jukwaa. Pia kazi za pwani ziko nyumbani na hazisubiri mkataba mmoja mkubwa: bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara zinazochimbwa na kupanuliwa, gati la mafuta Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la kutoka Hoima, Uganda, bandari za Zanzibar, Lamu na Mombasa kwa majirani, halmashauri zinazotafuta kinga ya fukwe, tathmini za mazingira za hoteli. Wahandisi washauri wa kigeni wanaoshinda zabuni hizi wanahitaji mtu wa hapa anayeelewa mawimbi, na mara nyingi hawampati. Sitakudanganya kwamba ajira imekaa inakungoja. Nafasi zenye jina hilo kwenye matangazo ni chache, na huenda ukaingia kama mhandisi ujenzi wa kawaida kisha ukawa wewe ndiye unayeitwa kila kitu kikigusa bahari.

Bahari kuu kwetu ina ahadi kubwa na kalenda mbaya. Gesi ya kina kirefu iligunduliwa mbele ya Lindi na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mradi wa kuichakata Lindi umezungumzwa tangu wakati huo. Msumbiji walifika mbele: meli-kiwanda ya Coral Sul, inayoelea kwenye maji ya kina cha mita 2,000 hivi, ilipakia shehena ya kwanza Novemba 2022. Ukiipenda fani hiyo kwa dhati isome, lakini uwe tayari kufuata kazi ilipo, iwe Pemba ya Msumbiji, Abu Dhabi, Aberdeen au Stavanger. Kuuza kiwanja cha familia kwa kutegemea mradi wa Lindi utaanza mwaka utakaohitimu ni kucheza kamari na mali isiyo yako.

Na hapo tumefika kwenye fedha. Ada uliyotajiwa si wizi. Pauni 25,000 hadi 35,000 ndiyo bei ya kawaida ya uzamili wa uhandisi kwa mgeni Uingereza. Juu yake weka viza, ada ya huduma ya afya, nauli, na fedha za kujikimu za miezi tisa ambazo wanaotoa viza wanataka zionekane zimekaa benki siku 28 mfululizo. Piga jumla yote kwa shilingi, kisha igawe kwa kile unachoweza kuweka akiba kwa mwezi kwenye mshahara wa mhandisi hapa nchini. Idadi ya miaka utakayoipata ndiyo bei halisi ya uamuzi huu. Kozi ya mwaka mmoja ina faida ya kuisha haraka, lakini tasnifu yake hubanwa kwenye miezi ya kiangazi, na wengi hawagusi maabara ya mawimbi kwa maana ya kweli.

Wakati huohuo wewe ni mtu ambaye wafadhili wanamtafuta, na sioni kwenye barua yako kwamba umeshaomba hata mmoja. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Unao minne. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, na linalipa ada, nauli na posho kwa sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Programu za pamoja za Erasmus Mundus zinakusomesha miaka miwili katika nchi zaidi ya moja, nyingi zikifunga maombi kati ya Oktoba na Januari. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na Hannover kuna mfereji wa mawimbi wa mita 300 na ushee. Utahitaji kuonyesha fedha za kujikimu, na uangalie lugha ya kozi kabla hujafurahi. IHE Delft, taasisi ya elimu ya maji ya Uholanzi, imefundisha wahandisi wa maji wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi. China, vyuo vya Hohai cha Nanjing na Dalian vina sifa kubwa kwenye fani hii na serikali yao inatoa nafasi nyingi: watu hudharau bila sababu, ingawa nawe uliza mapema msimamizi wako atakufundisha kwa lugha gani. Na Stellenbosch, Afrika Kusini, wana mkondo wa bandari na pwani, ada nafuu kuliko Ulaya, na mawimbi makali mlangoni. Kama ningekuwa na umri wako na mfuko wako, Stellenbosch ningeiweka juu kuliko watu wengi wanavyoiweka.

Kwa hiyo mwandikie afisa wa udahili wa chuo kilichokudahili Uingereza wiki hii. Omba kuahirisha hadi mwaka ujao ili utafute ufadhili. Vyuo vingi hukubali, na barua ya udahili mkononi husaidia maombi ya ufadhili. Muulize pia kwa maandishi kama amana inarudishwa viza ikikataliwa. Akikataa kuahirisha, umepoteza ada ya maombi tu.

Mwaka huo wa kusubiri usiupoteze. Kama hujasajiliwa bado na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu, kamilisha kabla ya kuondoka: ukirudi na uzamili bila usajili, hutaruhusiwa kusaini mchoro. Thibitisha pia na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwamba chuo unachokiendea kinatambulika. Jaribu kuhamia kwa mkandarasi wa bandari, hata kwa mshahara uleule. Halafu rudi kwenye ukuta wenu na levo, kile kifaa cha kupimia usawa wa ardhi. Chagua mistari michache kutoka ukutani kuelekea baharini, mmoja ukiwa mbali na ukuta kwa ajili ya kulinganisha, na upime usawa wa mchanga kila bamvua maji yakikupwa, kwa alama ileile ya rejea. Andika tarehe, msimu na hali ya upepo. Vipimo vya kusi moja na kaskazi moja, vilivyopimwa kwa uangalifu, ni vitu ambavyo ukiviambatanisha kwenye maombi vitakutenga na watu mia walioandika kwamba wanaipenda bahari tangu utotoni. Omba ruhusa ya mwenye mradi kwanza.

Yako mambo mawili ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza ni kiwanja. Umesema kiliachwa na marehemu baba. Kama mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa, mama hana uwezo wa kukiuza peke yake hata akitaka, na mnunuzi anayekimbilia kulipa katika hali hiyo ni wa kuogopwa. Muone wakili, uende na mama na ndugu zako wote wenye haki, akiwemo huyo baba mdogo ambaye huenda wasiwasi wake halisi ni huo. La pili ni matokeo yako ya masomo. GPA 3.7 ni daraja la pili la juu na inatosha vyuo vingi, lakini sijui ndani yake hesabu na mekanika ya vimiminika ulipata nini. Chukua transkripti yako ukamuone mhadhiri aliyekufundisha masomo hayo, ana kwa ana, umuulize wapi pana shimo. Huyo huyo ndiye utakayehitaji akuandikie barua ya mapendekezo, na ni rahisi zaidi kwake kuandika barua nzuri akiwa amekuona Machi kuliko ukimpigia simu usiku wa kuamkia siku ya mwisho.